Podikasti ya Duka la Vitambaa

Sinema nyingi nilizozipenda katika utoto wangu nilizisikia kwanza, nikaziona baadaye, na nyingine sikuwahi kuziona kabisa. Katika mji wa Unguja wa miaka ya tisini, majumba ya sinema yaliyokuwa fahari ya wazee wetu, Majestic, Empire na Cine Afrique, ama yalikuwa yamekwisha kufunga milango ama yalikuwa yakielekea huko. Deki za video zilikuwa mali ya nyumba chache. Na mtoto asiyekuwa na ami wala mjomba mwenye deki hakuwa na budi kungoja mwenzake aliyebahatika atoke ndani, akae kitako, ajipe heshima ya kimya kifupi, ndipo aeleze jinsi Bruce Lee alivyowashughulikia maadui zake, nani alianguka wa kwanza, nani alikimbia, na teke la mwisho lilitokea upande gani. Msimulizi hodari alikuwa na cheo miongoni mwetu, na aliyeiona sinema asijue kuisimulia tulimhesabu kuwa hakuiona.

Desturi hiyo haikuwa ya watoto peke yao, wala haikuwa ya Unguja tu. Dar es Salaam alikuwapo mtu mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa baina ya filamu ya kigeni na watazamaji wa vibanda vya video, akiwaeleza kwa Kiswahili yale yanayopita mbele yao, na kanda zilizotiwa sauti yake zikasafiri mbali na vibanda hivyo. Wakenya wanaye DJ Afro, na Waganda wanaye VJ Jingo anayefanya kazi hiyo kwa Kiganda. Asiyewajua anaweza kudhani kwamba hao ni wakalimani. Walakini anayewasikiliza kwa makini hutambua mara moja kwamba mkalimani hufuata maneno, ilhali hawa huyaacha maneno yakapita, wakatia dhihaka, wakampa jambazi jina la mtaani, wakamkemea shujaa kwa ujinga wake, wakatabiri kifo cha mtu kabla hakijamfika, na kwa njia hiyo filamu ya Hong Kong au ya Marekani ikawa na nusu mbili, moja iliyopigwa huko na moja iliyosemwa huku. Baada ya miaka kadhaa ya kunasa mazungumzo yetu wenyewe, nimefikia kuamini kwamba hiyo nusu ya pili ndiyo tuliyokuwa tukiipenda zaidi, na kwamba podikasti yetu, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa njia yetu ya kuidai.

Mwanzo wake ulikuwa gizani. Mwezi wa Desemba 2009 umeme wa Unguja, ambao huletwa kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ulikatika kwa hitilafu kubwa, na kisiwa kikakaa bila ya umeme huo hadi Machi 2010. Wenye uwezo walinunua jenereta, na mji ukawa na mngurumo usiokoma; maji yakaadimika kwa sababu pampu zilinyamaza; na sisi tuliokuwa vijana wa mtaa mmoja, ambao wakati wetu wote ulikuwa umegawanyika baina ya gemu na tamthilia za kwenye diski, tukajiona tumefilisika ghafla. Ndipo mmoja wetu, ambaye alikuwa ameimaliza Prison Break yote, akaanza kutusimulia baada ya sala ya Isha yale tusiyoyajua, sehemu kwa sehemu, usiku kwa usiku. Hakuwa na haraka. Alikuwa akikomea pale pale panapouma, akasimama, akapangusa kanzu yake, akatuaga, nasi tukamtukana kwa mapenzi mpaka alipopinda uchochoroni. Umeme uliporudi tuliiona hiyo tamthilia kwa macho yetu, na wote tuliafikiana kwamba yake ilikuwa bora.

Miaka ikapita, tukaoa, tukaajiriwa, tukawa watu wa kuonana misikitini na mazikoni. Msimulizi wetu alikwenda Muscat kutafuta maisha, kama walivyokwenda wengi kabla yake. Mwezi wa Februari 2018 ikatoka Black Panther, filamu ya ufalme wa kubuni wa Wakanda, nasi tuliobaki tukaitazama, kisha tukakaa kuijadili, na majadiliano yakawa ugomvi wa kirafiki uliopita saa sita za usiku. Kisa chenyewe kilikuwa hiki: huo ufalme wa Wakanda watunzi wake wameuweka upande huu wa Afrika ya Mashariki, lakini watu wake wanazungumza Kixhosa, lugha ya Afrika ya Kusini. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mwalimu wa hesabu na mtu wa kufuatilia mambo mpaka mzizi wake, alieleza kwamba sababu ni John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika ya Kusini, aliyecheza nafasi ya baba wa mfalme katika filamu iliyotangulia ya 2016 na kusema Kixhosa, ambacho ni lugha yake, na wenye filamu wakaona inafaa kuendelea nayo. Mwingine, fundi wa simu pale Darajani, akasema kwamba hiyo ni sababu, si hoja. Wakashikana hapo. Fundi alikuwa ameweka simu yake ikinasa, akatuomba radhi kesho yake, kisha akatuomba idhini ya kuipeleka ile sauti Muscat. Tukamruhusu. Jibu lilikuja siku ile ile: "Yakhe, mnanitesa. Leteni nyingine."

Podikasti tulikuwa tukiisikia kwa mbali kama jambo la wenzetu. Jina lake lilikuwa limezuka mwaka 2004 katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, zikaenea. Lakini zile tulizozijua zilikuwa za Kiingereza, na waliozungumza humo walionekana kuwa na vyumba maalumu na vyombo vya gharama. Sisi hatukuwa na nia ya kutangaza kitu. Fauka ya hayo, mwaka huo huo wa 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye kuchapisha awe na leseni, na ada yake haikuwa kitu cha kutolewa na watu wanaojifurahisha. Kwa hiyo tulianza kwa kutumiana faili baina ya jamaa na marafiki, nao wakawatumia wao, na hatukujitokeza hadharani ila baadaye, kanuni ziliporekebishwa. Sijutii hata kidogo kucheleweshwa huko. Ule muda wa kuzungumza na watu tunaowajua kwa sura na kwa ukoo ulitufundisha kusema kwa adabu na kwa uwazi kwa pamoja, mambo mawili ambayo aghalabu hayakai nyumba moja.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali. Mwalimu alikuwa akikaa katika majumba ya Michenzani, nasi tukadhani chumba chake kitafaa, lakini kuta za saruji ziliirudisha kila sauti, na kilichonaswa kilikuwa mazungumzo ya watu walio ndani ya birika. Masikio ya mwanadamu hujua kuchagua sauti anayoitaka na kuidharau nyingine. Maikrofoni haina hekima hiyo, hupokea iliyotoka kinywani pamoja na iliyotoka ukutani. Dawa yake ni kitu laini cha kuimeza ile ya ukutani. Hapo nikamkumbuka ami yangu, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Mchangani, ambaye nyuma ya duka lake kuna ghala nyembamba iliyopangwa majora ya nguo upande huu na makorja ya khanga upande ule, kutoka sakafuni mpaka darini. Nikamwomba funguo kwa ajili ya usiku, akanipa bila ya kuuliza, akidhani nataka mahali pa kusomea.

Ukiingia ghala ile jambo la kwanza ulihisilo si harufu ya nguo mpya, ingawa ipo na ni kali. Ni kule kuondoka kwa sauti yako. Unasema neno, nalo halirudi. Tulikaa chini juu ya mkeka, tukaweka maikrofoni, ambayo fundi aliinunua kwa fedha yake na akakataa kututajia bei, juu ya rundo la khanga ambazo bado zilikuwa na pindo zake zisizokatwa, akaivika soksi nyeusi, safi kwa kauli yake, ili ile pumzi inayoruka mtu atamkapo "pa" na "ba" isiipige. Pangaboi tulilizima kwa sababu lilinguruma, na ghala haikuwa na dirisha. Hivyo basi, kila kipindi chetu cha mwanzo kilinaswa na watu wenye fulana na vikoi, wanaotokwa na jasho, ambao hoja zao zilifupika kwa kadiri joto lilivyozidi. Nimewahi kuwasikia watu wakizisifu hoja za vipindi vile kwa ufupi wake. Wamshukuru pangaboi.

Usiku mmoja ami alirudi dukani kuchukua daftari lake la madeni, akasikia sauti, akafungua mlango akatukuta.

"Haya, wanangu, mnazungumza na nani humu?"

"Tunazungumza na watu, ami."

"Watu gani? Mbona siwaoni?"

"Watatusikia baadaye."

Akatutazama mmoja mmoja, akaitazama na ile soksi. "Basi angalieni msiwasengenye," akasema, "maana wasioonekana siku zote huwa wengi kuliko wanaoonekana." Akaondoka na daftari lake. Maneno yale yamo katika kipindi. Sikuyakata, na kwa muda mrefu yalikuwa ndiyo yaliyorudiwa na wasikilizaji kuliko lolote tulilolisema sisi.

Jambo la pili lililobaki ndani bila ya kukusudiwa lilikuwa muuza kahawa. Kila usiku, kwa saa isiyobadilika, alipita uchochoro wa nyuma akigonganisha vikombe vyake, na mlio ule mwembamba ulipenya mlango, majora na soksi. Fundi alitaka tumngoje apite. Mwalimu alitaka tuhame. Mimi nikauacha kwa uvivu wa kuhariri. Mama mmoja wa Kiunguja aliyekaa Muscat miaka mingi, jirani wa msimulizi wetu, alituletea ujumbe wa sauti, akasema: "Wanangu, hizo katuni zenu mimi sizijui na wala sina haja ya kuzijua. Lakini huyo wa kahawa msimtoe." Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, kwani mwanamke yule alikuwa ametueleza kwa maneno machache kazi tuliyokuwa tukiifanya, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tukiidhania kuwa ni uhakiki wa filamu. Habari za filamu kila mtu anazo mfukoni mwake. Atauliza simu yake na itamjibu mwaka, mwongozaji na mapato. Asichoweza kukipata kwenye simu ni watu wanaojuana wakibishana juu yake, kwa lafudhi ya kwao, na kahawa ikipita.

Nieleze hapa kidogo habari ya uzito wa faili, kwa kuwa wengi huipuuza. Msikilizaji wetu hununua bando, na bando hupimwa. Saa moja ya sauti, ikihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kama wafanyavyo wengi, huwa na takriban megabaiti 58. Ikihifadhiwa kwa njia moja badala ya mbili, na kwa kilobiti 64, huwa na megabaiti 29, na katika sauti za watu wanaozungumza tu tofauti yake haidhuru. Mwalimu alizipiga hesabu hizo ubaoni mwake, akatuonyesha kwamba tunaweza kumpunguzia msikilizaji nusu ya gharama bila ya yeye kupoteza neno. Programu ya kuhariria ni Audacity, ambayo hutolewa bure na imekuwapo tangu mwaka 2000. Zaidi ya ile maikrofoni hatukununua kitu.

Sauti za filamu zenyewe hatukuzitia, kwa kuwa zina wenyewe, na haki ya mtunzi ni haki hata kama mtunzi yuko ng'ambo na hatatusikia. Katazo hilo tulilojiwekea lilitufaa kuliko tulivyotazamia. Maadamu huwezi kumsikilizisha mtu mlio wa upanga wa taa wa Star Wars, itakubidi uueleze. Na ukiueleza kwa watu ambao wengine wao hawajauona, itakubidi uchague maneno. Na ukichagua maneno, tayari umekuwa msimulizi. Binamu yangu, mdogo wetu sote, ambaye amelewa katuni za Kijapani, One Piece ya Eiichiro Oda iliyoanza 1997 na Naruto ya Masashi Kishimoto iliyoanza 1999, alikuwa mtu wa kusema "ile sehemu, si unaikumbuka?" na kudhani amemaliza. Katika ghala ile alijifunza kwamba hakuna anayeikumbuka.

Kipindi nikipendacho kuliko vyote kilihusu mahali ambapo lugha zetu zimejificha katika hadithi zao. Tulianza na Star Trek, ambayo katika kipindi chake kilichorushwa kwanza kabisa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, husemeshwa kwa Kiswahili na kiumbe aliyejivika sura ya mwanamume, naye hujibu kwa Kiswahili. Na sisi, tulioishi miaka yote tukidhani kwamba chombo kile cha angani hakina habari nasi, tuliirudia sehemu ile mara nyingi, tukiukosoa usemi wao kwa ghera ya wenye mali. Tukaja kwenye Return of the Jedi ya 1983, ambamo rubani mwenye mashavu ya kuning'inia aketiye kando ya Lando Calrissian alipewa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya. Hebu fikiri: kiumbe wa sayari ya mbali kabisa, katika vita vya kuamua hatima ya dola zima, na sauti yake ni ya kijana wa Kenya. Binamu yangu alihoji kama ilikuwa heshima kwetu au dharau, kwani lugha ya Mwafrika imetumika mahali ilipotakiwa lugha isiyoeleweka. Mwalimu akasema dharau. Fundi akasema heshima, kwa kuwa rubani huyo alishinda vita. Hawakupatana, na mimi naona wote wawili wamesema kweli.

Tukamalizia na Civilization IV, gemu ya 2005, na wimbo wake wa Baba Yetu uliotungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Kiswahili ya Sala ya Bwana, wimbo ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Fundi, aliyelelewa chuoni na kuhitimu Kurani angali mdogo, aliuimba wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa aliusikia kila alipoifungua gemu ile katika ujana wake. Na mwalimu, ambaye ni Mkristo mwenye asili ya Tanga na alikuwa ameahidi kuuimba yeye, alipotea katikati. Kicheko kilichofuata kilijaza dakika nzima. Nilikikata nusu, nikakirudisha, nikakiacha chote.

Kuhariri kulikuwa kazi yangu, na humo ndimo nilimopata faida ambayo sikuitafuta. Mtu anayezungumza na rafiki zake kila siku hudhani amewasikia, ilhali aghalabu huwa anangoja zamu yake. Ukikaa usiku peke yako, masikio yamezibwa, ukayarudia yale yale mara mbili na tatu kutafuta mahali pa kukata, huna zamu ya kungoja. Umebaki wewe na sauti zao. Nilianza kuyajua mambo madogo: kwamba fundi huvuta pumzi kwa namna maalumu kabla ya kusema jambo analoliamini, na havuti hivyo anapofanya mzaha, kwamba binamu yangu hupandisha sauti asipokuwa na hakika. Na nilijua jambo moja la mwalimu.

Mwalimu wetu ana sifa mtaani ya ubishi na ya kumbukumbu isiyokosea. Lakini katika vipindi kadhaa nilimsikia akikosea mambo ya One Piece ambayo, kwa hakika, alikuwa akiyajua: akimpa mhusika huyu kisa cha yule, au akiuweka mji huu kabla ya ule. Kila alipokosea, binamu yangu, aliyekuwa kimya kwa muda, alirukia, akamsahihisha, na baada ya kumsahihisha akaendelea kuzungumza kwa ufasaha mrefu ambao hatukuwa tumeutazamia kwake. Nikafikiri ni bahati. Nikarudi kwenye vipindi vya nyuma. Ikawa hivyo hivyo, kila mara kijana anapokaa kimya sana, mwalimu hukosea. Nilimwuliza siku moja tukitoka ghalani, baada ya wengine kutangulia. Akanitazama kwanza kuona kama namdhihaki.

"Maalim, wewe unayajua haya. Kwa nini unayakosea?"

"Mtoto hasemi mbele ya wakubwa," akajibu, "mpaka apate cha kumsahihisha mkubwa. Nimesomesha miaka mingi, ndugu yangu. Na usimwambie."

Sikumwambia. Naliandika hapa kwa idhini ya mwalimu, na kijana sasa ana kipindi chake mwenyewe na hahitaji tena kukosewa.

Mtu wa mwisho kujiunga nasi ndiye aliyetubadilisha kuliko wote. Ni dada mmoja wa Kikwajuni, mfamasia, aliyekuwa akitusikiliza tangu tulipokuwa faili za kutumiana, naye alituletea ujumbe wa maneno makavu: "Kaka zangu, mnazungumza vizuri, lakini kila mwanamke katika hadithi zenu hupita mlangoni tu. Mnamsifu, anatoka." Tukamkaribisha aje atuonyeshe. Kwa kuwa si jambo la kumwita mwanamke ghalani usiku na wanaume waliovaa vikoi, tukahamishia mikutano yetu Jumapili alasiri, duka likiwa limefungwa na mlango wa mbele umeachwa wazi, naye akaja na mdogo wake, na fulana zikapata mashati. Joto la alasiri ni kubwa kuliko la usiku, lakini hakuna aliyelalamika.

Alikuja na Binti, riwaya fupi ya Nnedi Okorafor iliyotoka 2015 na kupata tuzo za Hugo na Nebula, habari ya msichana wa kabila la Wahimba wa Namibia anayetoroka kwao usiku ili kwenda kusoma katika chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, akiwa amejipaka udongo mwekundu wa kwao. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa ameisoma. Naye hakutusomea, alitusimulia, kwa taratibu, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, na alipofikia mahali ambapo chombo cha angani kinavamiwa na wote waliomo wanauawa isipokuwa msichana yule na rubani, alikoma. Akasema hayo mengine tukasome wenyewe. Nilimtazama fundi, naye akanitazama. Wote wawili tulikuwa tukimkumbuka mtu mwingine akipangusa kanzu yake katika giza la 2010. Msimulizi wetu wa Muscat, alipokisikia kipindi hicho, aliandika neno moja tu: "Ameniweza."

Palikuwa na wakati, sitauzungumzia sana, ambapo tulishauriwa tufanye biashara. Mtu mwenye nia njema alituletea hesabu za wasikilizaji na matangazo, na kwa muda tukawa tunaangalia namba kabla ya kusalimiana. Mazungumzo yakaharibika kwa namna ya ajabu: kila mmoja alianza kusema yale aliyodhani yatapendwa, na kwa sababu hakuna ajuaye yatakayopendwa, tukawa tunasema mambo ya wengine. Fundi ndiye aliyeikomesha. Alibadilisha neno la siri la akaunti yetu, akakataa kulitoa, na mpaka sasa ni yeye peke yake anayezijua namba hizo, kama anaziangalia. Kwa maoni yangu, uraibu una haki ya kubaki uraibu. Pesa si haramu, lakini si kila mgeni anayebisha hodi hana budi kuingia mpaka ndani.

Ule ugomvi wa Wakanda haujaisha. Mfamasia ameingia upande wa fundi, na hoja yake ni kali zaidi: kwamba mtunzi akiweka ufalme katika nchi za watu, ni insafu awape na lugha ya watu hao, na kama hakuijua, angeuliza. Mwalimu bado anamtetea John Kani. Hufunguka upya kila inapotoka filamu mpya ya ukoo ule, na tumekubaliana kwamba ukitimia muda wa robo saa, ami, ambaye siku hizi huja Jumapili kwa hiari yake na kukaa juu ya jora la doria, ana ruhusa ya kuuzima.

Hivi karibuni walinijia vijana watatu wa Mwembeladu, waliotumwa na binamu yangu, wakitaka kuanza podikasti yao ya gemu na katuni. Walikuwa na orodha ya vyombo, na bei zake, na ilikuwa ndefu. Niliiweka kando, nikamwomba mmoja wao anisimulie kitu alichokitazama karibuni ambacho mimi sikukiona. Akaanza Attack on Titan, habari ya watu wanaoishi ndani ya kuta ndefu kwa hofu ya majitu yanayokula watu. Hajafika mbali, wa pili akamkatiza: si hivyo, ukuta wa kwanza haukuvunjwa namna hiyo. Wa tatu akasema wote wawili wamechanganya, na kwamba mama yake yule mvulana hakufa pale. Wakasahau kama nipo. Walipokumbuka na kunigeukia, waliniuliza waanzie kununua kipi, nikawaambia soksi.